Kipimo Chako na Kipimo Chao



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo hapa Kiwengwa husemwa kwa sauti ya chini: barazani baada ya Isha, pwani maji yakitoka na kina mama wakiinamia mwani, au kwenye simu usiku na ndugu aliyeko Toronto, London au Maskati. Nalo ni vipimo vya afya anavyotakiwa mtu anayeomba ukaazi wa kudumu katika nchi za watu. Suali linaloulizwa ni moja: nikapime sasa, au ningoje niitwe? Mmoja atakwambia kapime mapema, usije ukaitwa huna kitu mkononi. Mwengine atakwambia tulia, usitupe pesa zako baharini. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na kipande kinachokosekana ndicho kinachowapotezea watu nauli, ada, na mara nyengine safari nzima.

Nalitoa neno langu mapema, ili hata mwenye haraka ya kwenda zake awe amelipata. Vipimo ni viwili. Kuna kipimo chako na kuna kipimo chao. Kipimo chako ni kile unachokwenda kufanya mwenyewe, kwa siri yako, katika kituo cha afya au spitali uliyoizoea, ili ujue kifua chako, damu yako na kadi yako ya chanjo vimekaaje. Hicho kifanye mapema sana, hata kabla ya kujaza fomu yoyote. Kipimo chao ni kile kinachofanywa na daktari aliyeteuliwa na serikali ya nchi unayoiendea, na karatasi yake ina tarehe ya kwisha. Hicho kina wakati wake, na wakati huo unawekwa na wao, si na wewe wala na jirani yako.

Tuanze na linalouma. Mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume na pasi yake, viza yake, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya safari ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar. Jua halijatua, yuko Kiwengwa, miguu mchangani, anaulizia pweza. Hakuna aliyemuuliza habari za kifua chake. Kijana wetu wa hapa, anayeijua lugha ya mgeni huyo kwa kuisikia pwani tangu utotoni, akitaka kwenda Uingereza kukaa zaidi ya miezi sita, lazima kwanza aonyeshe cheti kwamba hana kifua kikuu. Uingereza ilipoanza majaribio ya upimaji huo mwaka 2005, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuwekwa ndani yake. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Mimi sioni kwamba mizani hii imekaa sawa, na nawaelewa vijana wanaoona wamedharauliwa. Lakini ugonjwa wenyewe ni wa kweli, na wanaougua ni watu wetu kabla ya kuwa wa mtu mwengine yeyote.

Wala kisiwa chetu si kigeni katika mambo haya. Ukisimama Forodhani ukatazama kaskazini magharibi utakiona kisiwa cha Changuu. Leo watalii wanavuka kwenda kuwaona kobe wakubwa, lakini jengo lililoko pale lilijengwa katika miaka ya 1890, wakati Lloyd Mathews alipokuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, likikusudiwa kuwa jela. Jela haikuwa. Pakafanywa karantini, na abiria wa meli zilizotoka pande za Bara Hindi wakishushwa pale, wakikaa siku zao wakiangaliwa, ndipo waruhusiwe kukanyaga mjini. Marekani nayo, kwenye kisiwa cha Ellis mbele ya New York kilichofunguliwa mwaka 1892, madaktari wakisimama kando ya ngazi na kuwatia wageni alama za chaki kwenye makoti. Zamani msafiri alipimwa akishafika. Siku hizi anapimwa kabla ya kupanda ndege, na hapo ndipo kalenda ilipoingia, maana baina ya kupima na kusafiri kuna miezi ya kungoja, na mwili wa mtu haungoji.

Sasa kalenda yenyewe. Nitasema ya Kanada kwa kirefu, maana huko ndiko vijana wetu waliosoma wanakokuulizia zaidi siku hizi, na huko ndiko mambo yalikobadilika juzi juzi.

Kwa muda kabla ya mabadiliko hayo, aliyeomba Kanada kwa njia ya Express Entry, yaani njia ya wenye ujuzi na elimu, alipeleka maombi yake kwanza, kisha akaandikiwa aende akapime. Tangu tarehe 21 Agosti 2025 imegeuka. Sasa lazima upime kabla, na uthibitisho wa kupima uuambatanishe na maombi. Ukiukosa, maombi yako hayakukamilika. Na ukishapata mwaliko wao una siku 60 tu za kupeleka kila kitu: vyeti vya skuli na kazi, taarifa ya polisi, ushahidi wa fedha, na sasa vipimo. Mtu wa Kiwengwa azihesabu siku hizo vizuri. Kuna daladala mpaka mjini, kuna boti ya kwenda Dar es Salaam, kuna kupata miadi kwa daktari aliyeteuliwa, kuna kulala ugenini, na kuna uwezekano wa kuambiwa urudi kwa kipimo cha pili. Siku 60 zinaonekana nyingi mpaka uanze kuzitumia.

Basi huyu wa Express Entry, aliyesema kapime mapema ndiye aliyempa shauri jema. Lakini jirani yake, bibi anayemfuata mume aliyeko Ottawa kwa njia ya kudhaminiwa, akilifuata shauri lilelile amepotea. Yeye anatakiwa apeleke maombi, angoje maelekezo, na akishayapata ana siku 30 za kwenda kupima. Matokeo ya vipimo vya Kanada huishi miezi 12. Akikimbilia kupima mwanzo, na maombi ya familia yakachukua muda mrefu kama yanavyochukua mara nyingi, vipimo vitakwisha kabla ya faili lake kufikiwa, na atalipa tena. Nyumba mbili zilizopakana, nchi moja wanayoiendea, na majibu mawili yasiyofanana. Ndiyo maana nasema usichukue shauri la barazani bila kuuliza: wewe mwenyewe unaomba kwa njia gani?

Na miezi 12 hiyo ina jambo jengine ndani yake. Karatasi ya mwisho wanayokupa ya kuthibitisha ukaazi wako huwa na tarehe ya kuingia nchini kwao, na tarehe hiyo kwa kawaida hufungwa kwenye kile kitakachokwisha kwanza, pasi au vipimo. Nimesikia watu wanasema, viza imetoka, nitamalizia nyumba kwanza, nitakwenda mwakani. Mwakani huyo anaweza asiwepo.

Marekani nayo imefuata njia hiyohiyo kwa wale ambao wako kule tayari. Anayeomba Grin Kadi akiwa ndani ya Marekani, pengine kwa ndoa, hujaziwa na daktari fomu iitwayo I-693. Tangu tarehe 2 Disemba 2024 fomu hiyo lazima iende pamoja na maombi yenyewe, haipelekwi baadaye. Na tangu Juni 2025 wameamua kwamba fomu hiyo inatumika kwa maombi yale tu iliyokwenda nayo. Maombi yakikataliwa au ukiyaondoa, vipimo navyo vimekufa. Daktari hukupa bahasha iliyofungwa kwa gundi na saini. Usiifungue. Hata ukitaka kutazama tu kilichoandikwa, muombe daktari nakala yako kabla hajaifunga, maana bahasha iliyofunguliwa hawaipokei.

Kwa anayeomba kutoka hapa nyumbani mambo ni mengine. Vipimo hufanywa baada ya ubalozi kukupangia siku ya mahojiano, vinaishi miezi sita kwa kawaida, na kwa mwenye historia ya kifua huweza kupunguzwa hadi mitatu. Watanzania wengi walipata nafasi kwa ile bahati nasibu ya viza, nayo ina ukuta asiouruka mtu: mwaka wao wa kazi unakwisha tarehe 30 Septemba, na viza isiyotolewa kufikia siku hiyo haitolewi tena. Kisha siasa nazo zina yake. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 Marekani imeitia Tanzania kwenye orodha ya nchi zinazowekewa vizuizi vya viza. Aliyekwishapimwa na kulipa, tarehe ya vipimo vyake haikusimama kuwangoja wakubwa wapatane. Kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, wakimbizi wa Kongo wanalijua hili zaidi yetu. Mpango wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025, watu waliokuwa wameshapita mahojiano na vipimo walibaki wameshika makaratasi ambayo kila mwezi yanazeeka.

Uingereza nitaisema kwa kifupi. Cheti chao ni cha kifua kikuu peke yake, kinaishi miezi sita kutoka siku ya picha, na kwa Tanzania hutolewa na kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Dar es Salaam. Picha ya spitali nyengine, iwe nzuri vipi, haikubaliwi.

Nchi za Ghuba ndiko wanakokwenda mabinti zetu wengi, Oman hasa, ambako nusu ya Unguja ina ami au shangazi. Huko hakuna ukaazi wa kudumu kwa maana ya Kanada. Kuna ikama, yaani kibali cha kukaa kwa miaka, kinachofuata kazi. Vipimo ni vikali zaidi: kifua, Virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, kaswende, na mimba kwa wanawake. Unapimwa kabla ya kuondoka, na unapimwa tena ukifika kabla ya kupewa bataka, yaani kadi ya ukaazi. Binti akianguka kipimo cha pili anarudishwa, na deni la wakala limebaki kwao. Kwa hiyo mzazi unayemsindikiza mwanao bandarini, kipimo chake cha siri, kile nilichokiita kipimo chako, ungemfanyia kabla hujachukua shilingi ya wakala.

Sasa nataka tukae kidogo na kifua kikuu, maana humu ndimo safari nyingi zinamozama, na ndipo kuwahi kunapokuwa na maana hasa.

Ukiingia chumba cha eksirei utaambiwa uvue kilicho juu ya kifua, ukiegemeze kifua kwenye kibao cha baridi, mabega mbele, kidevu juu. Vuta pumzi, ibane, usitikisike. Mara moja tu, kwisha. Picha ile inaonyesha mapafu, na inaonyesha makovu. Mtu aliyeugua TB miaka kumi nyuma akapona sawasawa, mapafu yake huweza kubaki na kovu. Yuko hata ambaye hakuwahi kujua kuwa aliugua, alikohoa msimu mmoja akasema ni moshi wa kuni au vumbi la kazini, likapita. Anayeisoma picha hajui habari hizo. Anaona kivuli, na kivuli lazima akitolee jibu.

Jibu lenyewe ni makohozi. Utatakiwa uyatoe mara tatu, siku tatu mbalimbali, asubuhi, kutoka ndani ya kifua si mate ya mdomoni, mbele ya mhudumu anayekuangalia ili kikopo kisiwe cha mtu mwengine. Kisha makohozi hayatazamwi kwa darubini tu, yanaoteshwa maabara. Vijidudu vya TB huota polepole mno kuliko vijidudu vingi vyengine, na jibu la mwisho hungojwa hadi wiki nane. Hakuna kujuana wala hongo inayoweza kuviharakisha. Vikiota, ni dawa za miezi sita, unazimeza mbele ya mtu, kisha unatoa makohozi upya na kungoja upya. Fanyeni hesabu: miezi miwili, sita, na miwili mingine. Karibu mwaka.

Sasa mchukueni kijana aliyeshinda ile bahati nasibu, mzima kabisa, mwenye kovu la zamani asilolijua, ambaye anakwenda kupima mwezi wa Agosti. Makohozi yake yataota au hayataota ifikapo Oktoba. Mlango ulifungwa tarehe 30 Septemba. Huyu hakunyimwa kwa ugonjwa, amenyimwa kwa kalenda. Na angelipiga picha ya kifua mwenyewe mwaka mmoja nyuma, spitali yoyote, angelijua. Angelichukua kadi ya matibabu ya zamani kama aliwahi kutibiwa, angeliitunza picha ile, akaenda nayo. Haitamwondolea kutoa makohozi, lakini itampa daktari cha kulinganisha, na kubwa zaidi itampa yeye mwenyewe habari ya kuomba miadi mapema.

Mjamzito na aseme mapema kuwa ni mjamzito. Kuna njia: kukingwa tumbo kwa aproni ya risasi, au kupimwa makohozi badala ya picha, au kungoja mpaka ajifungue, kwa kadiri nchi husika inavyoruhusu. Asinyamaze kwa haya.

Na watoto? Sisi karibu sote tumechanjwa BCG, na kovu lake liko bega la kulia. Zamani kile kipimo cha kuchomwa sindano mkononi kikiumuka mara nyingi kwa sababu ya chanjo hiyo, na wazazi wakipata hofu bure. Siku hizi Marekani huwapima watoto wa miaka 2 hadi 14 kwa damu, kipimo ambacho BCG haikichanganyi.

Nimetaja chanjo, basi kadi ya kliniki. Ile kadi ya mtoto ambayo mama aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka chini ya godoro pamoja na cheti cha kuzaliwa, ni mali. Itoeni, itazameni. Mtaona BCG, matone ya polio, ile sindano ya Penta yenye homa ya ini B ndani yake, surua na rubela. Hamtaona matumbwitumbwi wala tetekuwanga, maana hazimo katika ratiba yetu ya taifa. Marekani inazitaka kwa muhamiaji wa umri unaohusika. Basi mtu asishangae akiambiwa achomwe tena hali ya kuwa alichanjwa vizuri utotoni. Na aliyepoteza kadi aende kituo alichochanjwa akaulize daftari mapema, si wiki ya safari, kwani daftari la miaka ishirini nyuma halipatikani kwa dakika tano. Mwanamke anayetarajia kushika mimba azungumze na daktari kwanza, kwa sababu chanjo ya surua na ya tetekuwanga hazipewi wajawazito.

Liko jambo zito kuliko yote haya, na nitalisema bila ya kuzunguka. Kanada inataka kila mtu wa familia yako ya karibu atajwe na apimwe, hata kama haendi. Mke anayebaki, apimwe. Mtoto anayebaki kwa bibi yake hapa Kiwengwa, apimwe. Mtoto uliyezaa nje, anayelelewa upande wa mama yake, atajwe na apimwe. Kuna kifungu katika kanuni zao, cha 117, kinachosema kwamba ambaye hakutajwa wala kupimwa wakati wa maombi hahesabiki tena kuwa ni familia utakapotaka kumdhamini baadaye. Tangu 2019 wameweka nafuu ya muda kwa baadhi ya waliokumbwa na kifungu hicho, lakini nafuu ya muda si kitu cha kujengea maisha ya mtoto.

Wapo wanaume wanaojaza fomu wakawaacha watoto kwa haya, kwa ugomvi na mama yake mtoto, au kwa kukwepa gharama ya kipimo kimoja. Miaka inapita, moyo unalainika, mtu anataka kumchukua mwanawe, anaambiwa huyu hatumjui. Mtoto anakua akiamini baba hakumtaka. Mimi naona hii ni dhulma, na imefanywa kwa kalamu siku moja mbele ya meza. Baba unayenisikiliza, mwandike mwanao na mpeleke apimwe.

Siku ya vipimo vyao vyenyewe nenda na pasi halisi, si nakala, na barua au namba uliyopewa. Miwani kama unavaa. Dawa zako zote za presha na sukari ndani ya vikopo vyake, kwa sababu presha inayotibiwa haimzuii mtu, lakini presha iliyofichwa inazua maswali. Mkojo hupimwa, mwanamke aliye katika siku zake apange siku nyengine, la sivyo damu itaonekana na ataitwa arudie, na kurudia kwa mtu wa Unguja ni boti ya pili. Misuko minene inayoshuka hadi kifuani ifungwe juu, mikufu na shanga zivuliwe. Na hirizi pia, ndugu zangu. Kitu chochote cha chuma kwenye kifua huacha kivuli kwenye picha, na tumeshaona kivuli kinagharimu nini. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke aseme wakati wa kuomba miadi, si mlangoni.

Daktari yule hakupi viza na hawezi kukunyima. Kazi yake ni kupima na kupeleka. Kanada, Australia na nyengine hupokea taarifa kwa mfumo wa kompyuta uitwao eMedical, pamoja na sura yako iliyopigwa palepale. Kwa hiyo mtu anayekwambia ana cheti cha kuuza, au atamtuma mwenye kifua kizuri akapime kwa jina lako, anakuuzia kufungiwa milango kwa miaka. Majina ya madaktari walioteuliwa yako wazi kwenye tovuti za uhamiaji za nchi hizo, bila malipo. Kijana wa skuli mwenye simu anaweza kukusomea.

Na wale wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, nawaomba wasikie hili sawasawa. Marekani iliondoa kizuizi hicho Januari 2010. Kanada haimkatai mtu kwa sababu tu ya virusi hivyo. Cheti cha Uingereza hakiviulizi kabisa. Nchi za Ghuba bado zinakataa. Asiwepo anayeacha dawa zake wiki chache kabla ya kupima akidhani virusi havitaonekana. Vitaonekana, na mwili utakuwa umedhoofika bure.

Kwa hiyo mwenye nia ya kuondoka aanze na kipimo chake. Si mwakani, na si pale barua itakapokuja. Picha ya kifua, presha, sukari, homa ya ini B, ambayo ukikutwa huna na hukuchanjwa unaweza kuchanjwa dozi tatu kwa muda wa miezi sita. Ukikutwa nayo, ni bora uambiwe na daktari wako hapa, kwa lugha yako, kuliko kuambiwa kwenye foleni ya Ruwi, Oman, ukiwa na sanduku mkononi. Kisha asome njia yake ya maombi inasema nini juu ya kipimo chao, na akifuate hivyo hivyo kilivyoandikwa.

Na hata yule ambaye hana nia ya kwenda kokote, anayelala Kiwengwa na kuamka Kiwengwa, kama amekohoa wiki mbili au zaidi, anatoka jasho usiku na mwili unapungua, namuomba aende kituo cha afya kesho asubuhi. Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure, Unguja na Pemba.